Mohamed Said Abdulla, Mhariri Aliyemuumba Bwana Msa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wanafunzi, walimu na wasomaji wengine wa hapa Dodoma wamekuwa wakiniuliza kila tunapokutana kusoma riwaya za zamani za Kiswahili. Nimeyaandika pamoja na majibu yake ili anayeanza leo kumsoma mwandishi huyu asilazimike kuanza gizani. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe halihitaji maneno mengi. Mengine yamerefuka kwa sababu naamini ndipo thamani ya mwandishi huyu ilipo.

Mohamed Said Abdulla ni nani?

Ni mwandishi wa habari na mwandishi wa riwaya kutoka Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918, na kufariki dunia mwezi Machi 1991 akiwa na umri wa miaka 72. Wengi humtaja kuwa baba wa fasihi pendwa ya Kiswahili, yaani hadithi zinazoandikwa ili ziwaburudishe wasomaji wengi, na hasa wa riwaya ya upelelezi, kwa kuwa ndiye aliyemleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakimfuata tangu mwaka 1960.

Je, ndiye yule yule Said Ahmed Mohamed, au Mohamed Suleiman Mohamed?

Hapana, na kuchanganya majina haya ni kosa ninalokutana nalo karibu kila muhula. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye aliyeandika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed ndiye mwenye Asali Chungu na kazi nyingine nyingi za riwaya, ushairi na tamthilia. Wote watatu ni Wazanzibari, lakini Abdulla amewatangulia wenzake kwa umri na kwa uandishi. Yupo pia Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, naye ni mzaliwa wa Zanzibar, ila riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza.

Alifanya kazi gani kabla ya kuingia katika uandishi wa habari?

Baada ya kumaliza masomo yake mwaka 1938, aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, yaani kazi ambayo sisi tungeiita ya bwana afya, na aliifanya kwa muda wa miaka kumi. Wanafunzi huipita habari hii haraka, kana kwamba ni maelezo ya kujazia ukurasa tu, lakini mimi huwaomba warudi nyuma waitazame tena. Mkaguzi wa afya ni mtu ambaye kazi yake inamtaka aingie katika nyumba za watu wa kila hali, atazame uani, jikoni na kisimani, aulize maswali ambayo mwenye nyumba hapendi kuulizwa, kisha aandike alichokiona kwa macho yake, si alichoambiwa. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi hujifunza kwamba sebule huonyesha kile ambacho wenyewe wanataka kionekane, na kwamba habari ya kweli ya nyumba mara nyingi iko upande wa nyuma. Ukimsoma Bwana Msa ukiwa na jambo hili akilini, utaona kwamba namna yake ya kutembea katika nyumba ya mtu si mpya kwa aliyemuumba.

Aliandikia magazeti gani?

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Orodha hiyo ni fupi, lakini ina uzito kwa anayeijua Zanzibar ya miaka hiyo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika katika mabishano ya siasa yaliyokuwa yakipamba moto visiwani. Mwaka ule ule wa 1948 kulikuwa na mgomo mkubwa ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandarini. Mwaka 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza, na kuanzia hapo gazeti la Zanzibar likawa chombo cha mapambano, ambapo kila upande ulikuwa na wahariri wake na wasomaji wake. Mtu aliyeketi katika vyumba vya habari vya pande hizo mbili alisikia tukio moja likisimuliwa kwa namna mbili zisizopatana, na kila msimulizi akiapa kwamba lake ndilo kweli. Kwa maoni yangu, hakuna shule bora zaidi kwa mtu atakayekuja kuandika riwaya ambazo ndani yake mashahidi watano wanasema mambo matano tofauti na mpelelezi mmoja analazimika kuyapima yote.

Jarida la Mkulima lilikuwa nini, na linatuhusu vipi sisi wa bara?

Mkulima lilikuwa jarida la taifa la kilimo la Tanganyika, na Abdulla alikuwa mhariri wake kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968. Maana yake ni kwamba mtu tunayemjua kuwa mwandishi wa Unguja, mwenye hadithi za mitaa na mashamba ya Unguja, alitumia miaka kumi ya utu uzima wake akihariri habari zinazowahusu wakulima wa bara, tangu enzi ya mkoloni, ukapita Uhuru wa mwaka 1961, hadi mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha.

Sisi wa Dodoma tunajua gharama ya habari mbaya ya kilimo. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliwafundisha wazee wetu kwamba mipango mikubwa inayopuuza udongo na mvua za mahali hufa mapema, hata ikiwa na matrekta mengi kiasi gani. Katika nchi yenye mvua za msimu mmoja, ambamo mtu anapanda mtama, uwele, karanga au alizeti kwa kutegemea wiki chache tu za unyevu, maelezo ya kilimo yanapaswa kuwa sahihi na yaeleweke kwa kusomwa mara moja. Mhariri wa jarida kama hilo hana nafasi ya kujionyesha. Sentensi yake itasomwa na bwana shamba mbele ya watu waliokaa chini ya mti, na asipoeleweka msimu umeshapita.

Ninaamini kwamba kazi hiyo iliutengeneza mtindo wake kuliko tunavyokubali kwa kawaida. Wachambuzi husifu Kiswahili chake kwa utajiri na uhai wake, na wanastahili kufanya hivyo, lakini nyuma ya utajiri huo kuna uwazi. Hata pale msuko wa hadithi unapokuwa na mafundo mengi, msomaji hapotei katika sentensi, bali hupotea katika fumbo lenyewe tu, na hapo ndipo mwandishi alipotaka apotee.

Riwaya yake ya kwanza ilichapishwaje?

Ilipitia mashindano. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki liliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikapata tuzo ya kwanza. Ilitoka kama kitabu mwaka 1960, mwaka aliotimiza umri wa miaka 42. Huwa nawatajia umri huo vijana wanaodhani kwamba asiyechapishwa akiwa na miaka 25 amechelewa: yeye alikwisha kuwa bwana afya kwa miaka kumi na mhariri kwa miaka kumi mingine kabla kitabu chake cha kwanza hakijaonekana dukani.

Ni vyema kukumbuka pia hali ya riwaya ya Kiswahili wakati ule. Vitabu vya hadithi ndefu vilivyotungwa kwa Kiswahili vilikuwa vichache. Tulikuwa na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha mwaka 1934, na tulikuwa na kazi za Shaaban Robert kama Kusadikika na Adili na Ndugu Zake, ambazo zinaelekea zaidi kwenye ngano na mafunzo ya adili. Abdulla alileta mji halisi, watu wanaovaa, wanaokula na wanaodanganyana kama jirani zetu, pamoja na swali moja linalomfanya msomaji asikilaze kitabu: nani aliyeua?

Neno “mzimu” katika kichwa cha kitabu hicho lina maana gani?

Swali hili huulizwa zaidi hapa kwetu kuliko pwani, na lina sababu. Wengi wa bara wakisikia “mzimu” hufikiria roho ya mtu aliyekufa inayotembea usiku, na kwa hiyo hukifungua kitabu wakitarajia hadithi ya kutisha. Lakini mzimu ni pia mahali, kama vile pango, mti mkubwa au mwamba, panapoaminika kuwa makao ya pepo au wahenga, ambapo watu huenda kutambika. Ni katika mahali pa namna hiyo ambapo Bwana Ali anakutwa ameuawa, na kifo hicho ndicho kinachoianzisha hadithi.

Watu wa mkoa wetu hawahitaji kusafiri mbali ili waelewe. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kuna miamba yenye michoro ya kale iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na mahali panapoitwa Mongomi wa Kolo, palipo katikati ya michoro hiyo, bado pana heshima ya matambiko. Mara moja niliwauliza wanafunzi waliotoka upande wa Kondoa wafikirie kwamba mtu amekutwa amekufa pale, na kwamba watu wazima wote wa kijiji wanakataa kulizungumza jambo hilo kwa sababu wanaamini ni kazi ya wahenga. Darasa lilinyamaza kabisa. Tangu hapo hatukuhitaji tena maelezo ya mandhari ya kitabu kile, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwamba wake.

Jambo linalofaa kutazamwa kwa makini ni namna mwandishi anavyoichukua imani hiyo. Hawacheki wanaoamini, wala hawafanyi wajinga. Anachofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo hofu huyachanganya: heshima ya watu kwa mahali pa wazee wao, na hila ya mtu mmoja anayejua kwamba hofu ya wengi ni pazia zuri la kujifichia. Bwana Msa hashindani na mzimu. Anamtafuta mtu. Fikra hiyo inarudi katika Kisima cha Giningi, kitabu chake cha pili, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni mahali wanapokutana wachawi, na jina hilo peke yake latosha kuwafanya watu wasiulize zaidi.

Bwana Msa ni nani hasa? Je, si Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu?

Ufanano upo na hakuna sababu ya kuuficha. Bwana Msa ametungwa kwa kiasi fulani kwa kumfuata Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Ana kiko, ana rafiki wa karibu anayeitwa Najum ambaye huuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza, na yupo Inspekta Seif wa polisi, ambaye ana mamlaka ya serikali lakini mara nyingi hana jibu.

Hata hivyo, neno “kuiga” halitoshi. Holmes ni mtu wa pembeni, anayeishi peke yake na vitu vyake, na London ni kubwa kiasi kwamba anaweza kumsoma mtu asiyemjua hata kidogo kwa kuangalia viatu vyake tu. Bwana Msa anaishi mahali ambapo kila mtu ni shemeji, mjomba au jirani wa mwenzake, na ambapo siri huhifadhiwa na ukoo mzima. Hawezi kuujua ukweli kwa majivu ya sigara peke yake. Inambidi ajue nani alimwoa nani, mtoto huyu analelewa na nani na kwa nini, na maneno gani yalisemwa barazani kabla ya msiba. Ndiyo maana katika kazi zake za baadaye siri za ndoa na nasaba zinachukua nafasi kubwa. Lugha yetu ilikwisha kuwa na neno askari kanzu kwa mpelelezi asiyevaa sare, lakini Bwana Msa si askari wa aina yoyote. Ni raia mwenye udadisi na adabu, na adabu yake ndiyo inayomfungulia milango ambayo Inspekta Seif hugongea bila kufunguliwa.

Ameandika riwaya ngapi?

Riwaya zake zinazojulikana ni saba: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Itazame miaka hiyo vizuri. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili kuna miaka minane, nayo ni miaka aliyokuwa akihariri Mkulima. Kitabu cha pili kinatoka mwaka ule ule anaostaafu. Kisha, baada ya kupumua kidogo, vinatoka vitabu vinne kwa miaka minne mfululizo. Nadhani ratiba hiyo inatueleza jambo la kweli kuhusu maisha ya mwandishi wa habari katika nchi zetu: kalamu inayomlisha huchukua saa zake nzuri, na riwaya husubiri. Ni furaha kwetu kwamba riwaya zake zilisubiri bila kufa, na kwamba alipopata muda alirudi akiwa na ustadi mkubwa zaidi, kwani kadiri anavyoendelea ndivyo msuko wa visa unavyozidi kuwa na tabaka nyingi.

Kwa nini riwaya zake hazizungumzii Mapinduzi ya Zanzibar?

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea wakati yeye akifanya kazi na jarida la bara, na Muungano ukafuata tarehe 26 Aprili, siku moja baada ya yeye kutimiza miaka 46. Kwa hiyo aliyaishi mambo hayo akiwa mtu mzima. Lakini Unguja ya riwaya zake kwa sehemu kubwa inabaki kuwa ile ya kabla ya Mapinduzi, yenye wenye mali, watumishi, mashamba ya karafuu na polisi wa kikoloni. Wahakiki kadhaa wamemlaumu kwa hilo, hasa wakimlinganisha na Adam Shafi, ambaye katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) aliyaweka mapambano ya kitabaka mbele kabisa.

Lawama hiyo ina haki yake, na sipendi kuifuta. Wahusika maskini katika kazi za Abdulla mara nyingi wako pembeni mwa hadithi. Hata hivyo nadhani ni kosa kusema kwamba hakuiona jamii yake. Katika riwaya zake, wenye heshima na mali ndio wenye mambo ya kuficha, na fumbo likifumbuliwa, heshima ya nyumba kubwa hubaki ikiwa na ufa.

Je, “riwaya pendwa” zinastahili kufundishwa darasani pamoja na “riwaya dhati”?

Zimekwisha kufundishwa, vitabu vya Abdulla vimekuwa vikiteuliwa kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mgawanyo wa dhati, yaani riwaya zinazohesabiwa kuwa nzito kifikra, na pendwa, zile za kuburudisha, unasaidia wakati wa kupanga mihadhara, lakini unadhuru unapogeuzwa kuwa kipimo cha hadhi. Nimeona kijana wa kidato cha tatu, ambaye hakuwahi kumaliza kitabu chochote cha Kiswahili, akisoma Mzimu wa Watu wa Kale kwa siku mbili na kurudi kuomba kingine.

Kiswahili chake ni kigumu kwa msomaji wa Dodoma?

Si kigumu, ila kina maneno yanayotaka utulivu. Mfano bora ni neno shamba. Kwetu shamba ni eneo unalolima, na tunasema “shamba langu la zabibu liko Hombolo.” Kwa Mzanzibari, shamba ni pia upande wote wa nchi ulio nje ya mji, kwa hiyo mtu akisema amekwenda shamba, huenda amekwenda kutembelea ndugu na hana hata jembe. Msomaji asiyejua hili ataelewa vibaya nyendo za wahusika, na katika hadithi ya upelelezi, nyendo ndizo ushahidi. Ninashauri Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwe karibu, na yule mwenye rafiki wa Unguja asisite kumwuliza.

Nani walimfuata katika uandishi wa aina hii?

Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo, kilichotoka mwaka 1965, na baadaye wakaja Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambao kasi na bunduki zimeongezeka katika kazi zao. Katalambulla na Mtobwa nao walikuwa waandishi wa habari, jambo ambalo naliona si la bahati.

Nianze na kitabu kipi, na nitakipata wapi?

Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kisima cha Giningi, kwa kuwa wahusika wanarudi na inafaa uwajue kwa mpangilio. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Duniani Kuna Watu, ukiwa na karatasi pembeni ya kuandikia majina na undugu wao. Kosa la Bwana Msa kiache mwisho, kwani utamu wake unamtegemea msomaji aliyemzoea mpelelezi huyo. Kwa walio Dodoma mjini, pa kuanzia ni maktaba ya mkoa, na walio chuoni waulize katika maktaba za vyuo vyao. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika nao huwa na nakala mara kwa mara, hasa mwanzoni mwa mwaka wa shule. Ukipata nakala kuukuu, hakikisha kwanza kurasa za mwisho zipo kabla hujalipa.